Mtoto amemeza dawa: la kufanya, hatua kwa hatua

Kama limetokea sasa hivi nyumbani kwako, usisome utangulizi. Ruka moja kwa moja hadi Hatua ya 1.

Sisi tunaokaa dirisha la dawa tunaulizwa maswali yale yale kila mara. "Nimpe maziwa?" "Nimtapishe?" "Mbona anacheza tu, kuna haja gani ya hospitali?" Majibu yake ni haya: usimpe maziwa, usimtapishe, na hospitali nenda, hata kama anacheza. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya swali hilo la tatu hasa, maana ndilo linalotupotezea watoto ambao wangepona. Dawa nyingi zinazoua watoto hukaa kimya kwanza. Wakati mtoto bado anakimbia uani ndipo matibabu yanapofanya kazi vizuri zaidi. Akishalegea, daktari anakimbizana na madhara yaliyokwisha kutokea.

Walio hatarini zaidi ni wa mwaka 1 hadi 4. Wanatembea, wanapanda viti, wanaonja kila wanachookota, na hawajui kusoma. Dawa wanazomeza mara nyingi si zao. Ni za bibi, za mama mjamzito, au za mgeni aliyeacha kipochi chake kitandani.

Andaa mambo haya leo, kabla hakijatokea kitu

Uzito wa mtoto. Kadi ya kliniki ikae mahali pamoja panapojulikana na kila mtu, dada wa kazi akiwemo. Daktari hupima ukubwa wa hatari kwa kilo za mtoto.

Namba za simu, ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani: hospitali iliyo wazi usiku na mchana, dereva wa bajaji, boda au teksi anayepokea simu saa nane za usiku, na jirani mwenye gari. Namba ya dharura ni 112 Tanzania, na 999 au 112 Kenya. Aliye Marekani apige 1-800-222-1222, kituo cha sumu kinachojibu saa 24, na aombe mkalimani.

Majina ya dawa zote zilizomo ndani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapokwama mara nyingi. Huku kwetu vidonge vingi vinatoka dukani ndani ya kibahasha cha karatasi au kipakiti cha nailoni, juu yake pameandikwa "1×3" basi. Hakuna jina, hakuna miligramu, hakuna kifuniko cha kumzuia mtoto. Mtoto akishakifungua, mzazi anakuja na kipakiti kitupu na kutuambia vilikuwa "vyeupe vidogo vya mviringo". Vidonge vyeupe vidogo vya mviringo ni vya kifafa, vya presha, vya kisukari, vya mafua, vya mzio, na vingine vingi. Kila ukinunua dawa, mwambie mtoa dawa aandike juu ya kibahasha mambo manne: jina la dawa, miligramu, idadi ya vidonge na tarehe. Ni haki yako, na haimchukui hata dakika moja. Ukiweza, omba vidonge vibaki kwenye karatasi yake ya kiwandani. Kisha usivichanganye na vingine kwenye kopo moja.

Hatua ya 1: Mwondolee dawa, taratibu

Usipige kelele na usimchape. Mtoto akishtuka akiwa na vidonge mdomoni atavimeza vyote kwa mara moja, au atapaliwa. Mkumbatie, mfungue mdomo, umtolee kinachoonekana kwa kidole au kitambaa chenye maji. Kidole kisifike kooni. Vipande ulivyovitoa viweke kwenye mfuko, usivitupe. Kama dawa imemwagikia ngozi, mvue nguo na umwoshe. Kama imeingia machoni, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20.

Hatua ya 2: Angalia kama anaitika na anapumua

Muite jina, mguse. Akiitika, nenda Hatua ya 3.

Hakuitika lakini anapumua: mlaze kwa ubavu, kichwa kiinamishwe kidogo nyuma ili njia ya hewa iwe wazi na matapishi yatoke nje. Usimwache peke yake. Mtu mwingine atafute usafiri sasa hivi.

Anashikwa na degedege: mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, usimshikilie kwa nguvu, na usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni.

Hapumui: piga kelele uombe msaada. Mlaze chali juu ya kitu kigumu, weka kisigino cha mkono mmoja katikati ya kifua, bonyeza mara 30 kwa kasi, kifua kikiingia ndani kama theluthi moja ya kina chake. Kisha mpulizie pumzi 2, na uendelee hivyo bila kukata tamaa hadi apumue au msaada ufike. Futa midomo yake kwanza kama ina mabaki ya dawa.

Hatua ya 3: Watazame watoto wengine

Watoto hugawana. Aliyekutwa na pakiti huenda si yeye aliyemeza, au si yeye peke yake. Kagua midomo na mikono ya wote waliokuwa wakicheza pamoja. Ukiwa na shaka juu ya wawili, nenda na wote wawili.

Hatua ya 4: Hesabu kilichopotea

Fanya haraka, ukiwa umesimama. Tuseme karatasi ilikuwa na vidonge 10, mama alimeza 2 asubuhi na 2 mchana, na sasa vimebaki 3. Vidonge 3 havijulikani viliko. Angalia sakafuni na chini ya kitanda kwa tochi. Visipoonekana, mwambie daktari kwamba mtoto amemeza 3. Wakiwa watoto wawili, chukulia kwamba kila mmoja amemeza vyote 3. Usigawanye kwa wawili ili ujipe moyo.

Kwa dawa ya maji, tazama chupa iliishia wapi mara ya mwisho kutumika, na kiasi gani kimemwagika sakafuni au kwenye nguo. Usipojua, chukulia kwamba kilichomwagika ni kidogo na kilichomezwa ni kingi.

Kumbuka saa. Ilikuwa saa ngapi alipoonekana mara ya mwisho bila dawa? Anzia hapo kuhesabu.

Hatua ya 5: Usimpe kitu, usimtapishe

Hili ndilo linalovunjwa kila siku, na wanaolivunja wanampenda mtoto. Nitaeleza kila moja.

Maziwa hayaui nguvu ya vidonge. Yanajaza tumbo, mtoto anatapika, na akiwa amesinzia matapishi yanaingia mapafuni. Mafuta ya mawese, mayai mabichi, madafu na maji ya ndimu ni vivyo hivyo.

Maji ya chumvi ni sumu yenyewe. Kijiko kimoja au viwili vya chumvi vinaweza kupandisha chumvi ya damu ya mtoto mdogo hadi ubongo udhurike. Mtoto ambaye dawa isingemuua anaweza kuuawa na chumvi hii.

Kidole kooni humjeruhi na kumfanya apaliwe. Na ikiwa alichomeza ni mafuta ya taa au kitu kinachounguza, kumtapisha ni kumuunguza mara ya pili.

Mkaa wa jikoni uliosagwa sio ule unaotumika hospitali. Ule umetengenezwa maalumu, hutolewa kwa kipimo, kwa dawa fulani tu, na hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 1 tangu kumeza. Hii nayo ni sababu ya kuwahi.

Mtoto akilia kwa uchungu wa dawa mdomoni, mfute ulimi kwa kitambaa chenye maji. Inatosha. Kuna jambo moja tu la kuachana na kanuni hii, nalo ni dawa za kisukari. Nitalieleza chini.

Hatua ya 6: Ondoka, na piga simu ukiwa njiani

Usisubiri gari la wagonjwa kama kuna bajaji mlangoni. Usianze kuzunguka kutafuta fedha wala kumsubiri baba mtoto arudi kutoka kazini. Piga picha pakiti na utume kwa hospitali kama una namba yao, ili wakupokee wakijua.

Beba: pakiti, chupa au kibahasha hata kama ni kitupu, vidonge vilivyobaki, vipande ulivyovitoa mdomoni, matapishi kama yana vidonge ndani yake, na kadi ya kliniki.

Kwa bodaboda lazima awepo mtu mzima wa kumshika mtoto, na uso wa mtoto uelekee pembeni ili akitapika asipaliwe. Aliyelegea au asiyeitika asipandishwe boda kama kuna gari lolote linaloweza kupatikana.

Hatua ya 7: Ukifika, sema ukweli wote

Usikae kwenye foleni. Nenda kwa muuguzi wa kwanza unayemwona, umwambie: "Mtoto amemeza dawa, saa fulani, hii hapa." Taja kila kitu ulichompa nyumbani, iwe maziwa, mitishamba au chumvi. Wazazi wengine huficha kwa kuogopa lawama, wengine kumlinda dada wa kazi au bibi. Daktari akidanganywa saa ya kumeza, anaweza kuamua vibaya kuhusu mkaa au kuhusu kipimo cha damu.

Mwombe apime sukari kwa kumtoboa kidole, hasa kama dawa haijulikani. Kipimo hiki ni cha dakika chache, na vituo vingi vinacho.

Hatua ya 8: Usiondoke mapema

Wakikuambia mtoto alale hapo, kubali, hata kama anachekacheka na anaomba chakula. Zipo dawa zinazoanza kudhuru baada ya saa nyingi, na hizi zifuatazo ni mfano.

Dawa ambazo hazina masihara

Paracetamol, yaani Panadol na ndugu zake, ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Dozi sahihi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa 4 hadi 6, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mtoto akimeza kwa mpigo miligramu 150 au zaidi kwa kila kilo, ini linaweza kuharibika. Sasa piga hesabu ya mtoto wa kilo 10. Vidonge 3 vya miligramu 500 tayari ni miligramu 1,500, yaani 150 kwa kilo. Chupa ya dawa ya maji ya mililita 100, yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, ina miligramu 2,400. Chupa hiyo ni tamu, ina ladha ya matunda, na mtoto ataimaliza. Siku ya kwanza atatapika kidogo au hataonyesha dalili yoyote. Siku ya pili na ya tatu ndipo ini linapolia: maumivu upande wa kulia wa tumbo, macho ya njano, usingizi mzito. Dawa ya kuzuia hayo ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Ukisubiri macho yawe ya njano, umeshaipita.

Vidonge vya kuongeza damu, vile mama mjamzito anavyopewa kliniki. Vingi ni vyekundu, vinang'aa, vina sukari juu. Mtoto anaona peremende. Kimoja chenye miligramu 200 za ferrous sulphate kina takriban miligramu 60 za chuma chenyewe. Kwa mtoto wa kilo 10, vidonge 4 vinatosha kumletea sumu, na 10 vinaweza kumuua. Huanza kwa kutapika na kuharisha, wakati mwingine damu. Baada ya saa kadhaa anatulia na kuonekana amepona, na hapo wazazi wengi huomba kurudi nyumbani. Utulivu huo unadanganya, maana baadaye anaweza kuanguka ghafla. Mkaa wa hospitali hauzuii chuma, hivyo daktari asipompa usidhani amekutelekeza.

Vidonge vya kisukari kama glibenclamide: kidonge 1 kinaweza kumuua mtoto mdogo. Sukari hushuka, wakati mwingine baada ya saa nyingi, kwa hiyo lazima aangaliwe kwa saa 24 hivi. Hapa ndipo penye lile jambo moja nililotaja: kama safari ni ndefu, na mtoto yu macho kabisa na anameza vizuri, mnyonyeshe au mpe maji ya sukari kidogo kidogo njiani. Akishasinzia, usimpe kitu cha kunywa.

Vidonge vya presha kama nifedipine na amlodipine: kimoja au viwili tu ni dharura. Vivyo hivyo klorokwini na kwinini, ambazo hugusa moyo. Dawa za kifafa humlaza hadi pumzi zipungue. Isoniazid ya kifua kikuu huleta degedege lisilokoma, na hospitali hutumia vitamini B6 kulizuia, ndiyo maana jina la dawa ni muhimu.

Mafuta ya kuchua na kafuri. Watu hawayahesabu kuwa dawa. Soma chupa: ukiona "methyl salicylate", jua kwamba kijiko cha chai cha mafuta hayo yasiyochanganywa kinalingana na zaidi ya vidonge 20 vya aspirini vya miligramu 300. Kafuri ikimezwa inaweza kuleta degedege ndani ya dakika chache. Hata matone ya kuzibua pua yakinywewa yanaweza kumfanya mtoto alale fofofo na mapigo ya moyo yapungue.

Hesabu hizi nimeziweka ili uone jinsi kidogo kinavyotosha. Usizitumie kuamua kubaki nyumbani.

Weka dawa hivi

Juu na ndani ya kitu chenye kufuli: sanduku la bati, tranka, au kabati. Juu peke yake haitoshi, kwa maana mtoto wa miaka 3 huvuta kiti. Chini ya mto, dirishani, juu ya televisheni na kwenye kipochi ndipo vinapookotwa. Mgeni akifika, mwombe mkoba wake utundikwe juu. Kwa bibi, sema kwa adabu: "Bibi, shikamoo, naomba dawa zako nikuhifadhie, huyu mjukuu wako hakosi kitu mkononi." Na usimbembeleze mtoto kunywa dawa kwa kuiita pipi. Atakuamini, na siku nyingine ataitafuta.

Mambo yakienda kombo

*Sina uhakika kama amemeza.* Fanya kama amemeza. Daktari akikuta hakuna kitu, umepoteza nauli tu.

*Ametapika mwenyewe.* Vizuri, lakini hakitoki chote. Nenda.

*Amelala, na huu ndio wakati wake wa kulala.* Mwamshe. Akiamka kwa shida au akirudi kulala hapo hapo, ni dharura. Akiamka vizuri, safari iko pale pale.

*Mama mkwe ameshampa maziwa.* Msigombane. Mtajie daktari kiasi na saa.

*Zahanati haina dawa ya kumsaidia.* Wapime sukari, waangalie pumzi, wakuandikie rufaa na wapige simu mbele kwenye hospitali kubwa. Usirudi nyumbani na barua mfukoni.

*Dawa haina jina.* Mpigie aliyeinunua au duka alikoinunua ukiwa njiani. Mtoto asisubiri jibu.

*Tumempa dozi mara mbili.* Mama alimpa, dada hakujua, akampa tena. Au amepewa dawa ya mafua na Panadol juu yake, kumbe zote zina paracetamol. Andika kiasi chote na saa zake, usimpe dozi inayofuata, na zungumza na daktari au mfamasia leo leo. Kuanzia sasa kila dozi iandikwe kwenye karatasi mlangoni, na mtoaji awe mmoja.

*Tumekosea kipimo cha dawa ya maji.* Angalia kama ni ile ya matone ya vichanga. Mengi yana miligramu 100 za paracetamol katika mililita 1, wakati dawa ya maji ya kawaida ina 24 tu. Ukimpa mtoto mililita 5 za matone umempa miligramu 500, kidonge kizima cha mtu mzima. Mpeleke. Na usipimie kijiko cha jikoni, vijiko vinatofautiana sana. Tumia kikombe au bomba lililokuja na chupa.

*Ilitokea jana, na leo ni mzima.* Mpeleke leo. Kwa paracetamol na chuma, leo bado kuna cha kufanya.

*Tumeruhusiwa, tuangalie nini?* Mrudishe mara moja, hata usiku, ukiona kutapika kusikokoma, usingizi usio wa kawaida, degedege, macho ya njano, mkojo mweusi, damu kwenye choo au matapishi, au kupumua kwa haraka. Nenda na cheti ulichopewa, pamoja na kile kibahasha.